Usingizi Umekimbilia Wapi?

Mahagi-Port huamka kabla ya jua. Mitumbwi iliyokesha Ziwa Albert inarudi na kapiteni na tilapia, wanawake wameshajipanga na mabeseni yao mchangani, na salamu zinarushwa juu ya ngurumo za injini. Mwulize mtu amelalaje, na mara nyingi jibu ni hili: "Usingizi ulinikimbia." Basi, limekwisha, beseni linajazwa, siku inaendelea. Nataka kulirudia jibu hilo taratibu, kama mhakiki anavyourudia mshororo mmoja wa shairi, kwa kuwa naamini ndani yake mna sehemu kubwa ya kile ambacho tiba ya mazungumzo hukitafuta kwa miaka.

Kiima cha sentensi hiyo ni usingizi. Wenyewe ndio wenye miguu. Msemaji amebanwa katikati ya kitenzi, silabi moja tu, -ni-, mahali pa mtendwa. Na Kiswahili hufanya hivi kutwa nzima. Njaa inaniuma. Baridi imenishika. Hasira zilinipanda, woga uliniingia, mawazo yananila. Mwili au nafsi ikichafuka, mtu huinuka kwenye kiti cha kiima na kukikalisha kitu kingine. Mwenye afya husema hivyo, na aliyevunjika miaka kumi iliyopita husema hivyo hivyo. Kwa hiyo anayesikiliza maneno ya mgonjwa ana kazi ngumu. Atajuaje kama hiyo -ni- ni mazoea ya lugha yetu sote, au ni chumba ambacho mtu huyu mmoja amefungiwa?

Katika Ituri, mkoa wa Mahagi-Port mashariki ya Kongo, swali hilo lina watu wake. Vita vya 1999 hadi 2003 viliua na kufukuza watu wengi. Mashambulizi yakarudi mwishoni mwa 2017, na katika miezi ya kwanza ya 2018 makumi ya maelfu walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka mwambao wa Ituri kwenda Uganda, ambako kipindupindu kiliwapokea baadhi yao kambini. Leo mashariki ya Kongo kuna nyumba za usikilizaji: chumba kidogo, viti viwili, pazia mlangoni, na ndani yake APS, msaidizi wa mambo ya nafsi na jamii, anayeketi na kusikiliza. Hana kochi la Freud wala miaka mitano ya vikao. Ana saa moja, na kabla ugonjwa haujapewa jina, sentensi imeshaingia chumbani.

Wanasaikoanalisia wameandika sana juu ya safari ya mgonjwa anayefika akijiona ni mtu wa kufikwa na mambo, kisha akaondoka akijiona ni mtendaji katika maisha yake. Wengi wameitafuta safari hiyo kwenye vina virefu vya nafsi. Mimi naitafuta kwenye kitenzi, kwa sababu kitenzi kinasikika. Na Kiswahili kimetuachia dokezo. Shairi letu refu la matendo, lile la beti za mishororo minne na mizani nane, ambalo kina chake cha mwisho hurudi kutoka ubeti mmoja hadi mwingine mpaka mwisho, tunaliita utendi. Jina limetoka kwenye kutenda. Mtu anayeketi kwenye kiti cha pili cha nyumba ya usikilizaji anacho kina kinachorudi, kinarudi kila usiku. Alichokosa ni beti.

Roy Schafer, mwanasaikoanalisia wa Marekani, aliitoa hoja ya kitenzi kwa ukali kuliko wote katika kitabu chake cha 1976. Alichoshwa na lugha ambamo hisia, mawazo na tamaa ni kama wapangaji ndani ya mtu: hasira ilikuja, wazo lilinijia, kitu fulani ndani yangu kilinizuia. Kwake hiyo ni namna ya mtu kuyakana matendo yake. Alitaka lugha nzima ya tiba ijengwe upya juu ya vitenzi, mgonjwa asaidiwe kusema kila jambo kama tendo alilolitenda mwenyewe kwa namna fulani na kwa sababu fulani. Naiheshimu hoja hii. Inamchukulia mgonjwa kuwa mtu mzima, na inamnyima mganga raha ya kujificha nyuma ya istilahi zake.

Lakini ipeleke kwa mama mwenye beseni. Chukua "Usingizi ulinikimbia" na uigeuze kwa kanuni ya Schafer. Utapata "Nilikesha kwa hofu," au kwa ukali zaidi, "Nilikataa kulala." Mama atasikia nini? Atasikia lawama. Atasikia kwamba amejitakia. Halafu kuna tatizo la lugha yenyewe. Hata ukimwondolea hasira zinazopanda, ukampa kitenzi kilichonyooka, kitenzi hicho ni "nimekasirika," na mkia wake ni ule ule -ika wa vunjika na haribika, kauli ya mambo yanayotokea. Kanuni ya Schafer ilizaliwa katika Kiingereza, na katika Kiingereza ina maana yake. Huku kwetu ingemtaka mgonjwa apone kwa kuacha kusema kama watu wa kwao.

Ipo njia nyingine, na ndiyo hasa ninayotaka kuionyesha kwa karibu. Mazungumzo yafuatayo nimeyatunga mimi, na ya baadaye pia. Maneno ambayo watu wa kweli wameyasema nyuma ya pazia ni yao, hayawi mfano wa makala.

– Usingizi unanikimbia, mwanangu.

– Unakimbia nini, mama?

– Sijui. Ukifika tu, unaona ziwa, unarudi.

– Unaona ziwa.

– Ee. Unaona... Nikifumba macho naona ziwa.

Msikilizaji hakusahihisha chochote. Aliupokea usingizi kama ulivyoletwa, kiumbe chenye miguu, akauliza habari zake. Angeweza kuuliza kwa nini mama halali, na mama angejibu kwamba hajui. Kwa kuuliza unakimbia nini, alimpa mama nafasi ya kutazama kutoka pembeni, na kutoka pembeni mama akaona kitu ambacho kutoka ndani asingethubutu kukiona.

Sasa sikiliza kile kiambishi u-. Katika "unaona ziwa" ya mama, u- ni usingizi. Lakini u- hiyo hiyo katika Kiswahili ni wewe. Na ni wewe wa jumla pia, ule tunaoutumia tukisema "ukienda sokoni unakuta watu wengi," tukimaanisha yeyote, hata mimi. Mshororo mmoja, milango mitatu. Mama aliingia kwa mlango wa usingizi. Msikilizaji akairudisha sentensi neno kwa neno, hakuongeza wala kupunguza, lakini ilipotoka kinywani mwake akimtazama mama usoni, ile u- iligeuka ikawa wewe: wewe, mama, unaona ziwa. Mama akaijaribu tena, "Unaona...", akasita katikati ya milango, na aliposema tena alikuwa ameshika kiima. Nikifumba. Naona.

Hakuna aliyemsukuma. Sarufi ilikuwa na daraja tayari, na mtu mmoja alikuwa na subira ya kumsubiri upande wa pili. Ndiyo sababu sikubali kwamba mtu hujifunza kuwa mtendaji kwa kuvuliwa lugha yake ya kufikwa. Hujifunza kwa kuingia ndani ya lugha hiyo akiwa na mwenzake na kugundua kwamba inapitika.

Mganga wa pepo wa pwani angeutambua utaratibu huu mara moja. Mtu aliyepandwa haambiwi kwamba pepo ni yeye mwenyewe. Pepo huulizwa: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Linajibu, linadai kanga au manukato, linapatana na wenyeji. Anayetibiwa hivyo huitwa mteja, neno ambalo leo tumelipeleka dukani na kwenye simu. Waalur, watu wa Mahagi na wa ng'ambo ya mpaka, wana jok, pepo wa kwao, na Aidan Southall, aliyeishi kati yao kuanzia miaka ya 1940, alichapisha mwaka 1969 makala juu ya kupandwa na uaguzi baina yao. Sitaki kusema kwamba ngoma ya pepo na saikoanalisia ni kitu kimoja. Ngoma ina ukoo mzima uani na hadharani, saikoanalisia ina watu wawili na mlango uliofungwa. Nasema tu kwamba kukiuliza kitu kilichomshika mtu, badala ya kukikanusha, ni hekima ambayo mwambao huu haukuingoja kutoka Vienna ya Freud.

Na Vienna yenyewe ilifundishwa na wagonjwa. Hili husahaulika kwa urahisi, na mimi naliona ni kiini cha umbo zima la tiba hii. Katika kitabu cha 1895 ambacho Freud aliandika pamoja na Josef Breuer, mna mwanamke aliyepewa jina la Emmy. Freud alimuuliza maumivu yake yametoka wapi, akamuuliza tena. Yule mama akamjibu kwa kukereka kwamba aache kuuliza kila kitu kimetoka wapi, amwache aseme alichonacho. Freud akanyamaza. Ukimya wa mwanasaikoanalisia, ule ambao leo unafundishwa vyuoni kama mbinu, ulianza na mgonjwa aliyemwambia daktari wake anyamaze. Bertha Pappenheim, ambaye Breuer alimtibu kuanzia 1880 hadi 1882 na kumwita Anna O., ndiye aliyeipa tiba hii jina la tiba ya kuzungumza. Alilisema kwa Kiingereza, katika kipindi ambacho Kijerumani, lugha ya mama yake, kilikuwa kimemtoka. Mwaka 1904 alianzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani. Naye Dora, binti wa miaka 18 aliyepelekwa kwa Freud na baba yake, aliketi huko tangu Oktoba 1900, na tarehe 31 Desemba akasema leo ni mwisho, akaondoka. Freud aliandika kisa hicho, kikachapishwa 1905, na mpaka leo wasomaji wanabishana kama tiba ilishindwa. Mimi nikisoma umbo la kisa, naona kwamba sentensi iliyo wazi kuliko zote ndani yake ni ile ya kuaga. Alipelekwa. Aliondoka. Kutoka -wa hadi -a ni miezi mitatu.

Lugha nayo ni uamuzi. Mtu wa Mahagi-Port ana Kialur cha nyumbani, Kiswahili cha soko na njia, Kilingala alichokisikia kwa askari, Kifaransa cha ofisi. Anapochagua Kiswahili kuelezea usiku fulani, pengine ni kwa sababu katika Kialur usiku huo ungekuwa na sauti ya mama yake. Msikilizaji anayejua hivyo hataharakisha kumrudisha kwenye lugha ya kwanza. Pappenheim naye hakuharakishwa.

Nirudi ziwani, kwa mama yule yule niliyemtunga, na nimpe simulizi moja aliyoisema mara tatu kwa miezi kadhaa.

Mara ya kwanza: "Mambo yaliharibika. Nyumba zikaungua, watu wakatawanyika, mtoto akapotea."

Vitenzi vinne, mtendaji hakuna. Kuharibika, kuungua, kutawanyika, kupotea, vyote ni vitenzi visivyohitaji mtu wa kuvitenda. Hata aliyewasha moto hayumo. Kiambishi -ka- cha masimulizi kinasukuma tukio juu ya tukio kama mawimbi, bila "kwa sababu," bila "ili." Sentensi hii ni safi kama mchanga uliopitiwa na maji, nyayo hazionekani. Si uongo. Ni ulinzi, na mtu aliyeutengeneza alikuwa na haki ya kuutengeneza.

Mara ya pili: "Nilimpoteza mtoto."

Hapa kuna kiima, kuna mtendwa, kitenzi kimesimama wima. Aliyemsoma Schafer mbiombio angefurahi. Mimi sentensi hii inanitisha. Potea imekuwa poteza, kauli ya kusababisha, na kwa silabi hiyo moja mama amebeba mabegani watu wenye silaha, mtumbwi uliojaa, giza na umati. Ronald Fairbairn, mwanasaikoanalisia wa Edinburgh, aliandika mwaka 1943 kwamba mtoto aliyetendewa vibaya huuchukua ubaya wa wakubwa wake na kuufanya wake, kwa kuwa kuishi ukiwa mbaya kati ya watu wema kunavumilika kuliko kuishi ukiwa mnyonge mikononi mwa wabaya. Mwenye hatia angalau alikuwa na uwezo. "Nilimpoteza" ni hatia iliyovaa nguo za utendaji. Na hapa ndipo tiba inapoweza kumdhuru mtu kwa nia njema kabisa, ikiiandika sentensi hiyo kama maendeleo.

Mara ya tatu: "Nilimshika. Tulisukumwa. Mkono wake ukaniponyoka."

Maneno matano. Nimeyarudia mara nyingi, na kila mara naona ni kazi ya mtu aliyefanya jambo kubwa. Nilimshika ni kauli ya kutenda, na ni kweli: alimshika. Tendo hili halikuwepo katika simulizi ya kwanza, na katika ya pili lilikuwa limezikwa chini ya hatia. Tulisukumwa ni kauli ya kutendwa, na ni kweli: walisukumwa, yeye na mtoto pamoja, ndani ya tu- moja. Ukaniponyoka umerudi kwenye umbo la mwanzo kabisa, lile la usingizi ulionikimbia. Mkono ndio kiima, mama yumo ndani ya -ni-, na safari hii -ni- ni mahali pake halali, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kauli tatu kwa mpigo, kila moja imekaa kwenye jambo lake. Neno kauli lenyewe lina maana mbili kwetu, umbo la kitenzi na usemi wa mtu wenye uzito. Hapa maana hizo mbili zimekutana.

Naomba lieleweke ninachodai. Mama hakuhama kutoka kutendwa kwenda kutenda. Alianza akiwa na kauli moja kwa kila kitu, akaruka kwenye kauli nyingine kwa kila kitu, akafika mahali ambapo anaweza kuzigawa. Mgawanyo huo ndio ninaouita utendaji. Mwaka 1933 Freud aliifananisha kazi yake na ya Waholanzi waliokuwa wakikausha ghuba ya Zuider Zee ili maji yawe ardhi ya kulima. Mfano huo unasifiwa sana, lakini nikiufikiria nikiwa na Mahagi-Port akilini unanikwama. Huku maji ndiyo shamba. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na kumeza nyumba za mwambao, watu walisogeza vibanda wakaendelea kuvua. Wangeomba lishuke, kulikausha hapana. Mama huyu atakufa akiwa na ziwa lile ndani yake. Swali ni kama anaweza kuingia na kutoka.

"Tulisukumwa" bado inadai kitu. Inadai "na". Kauli ya kutendwa ya Kiswahili hukubali kuishi bila mtendaji wake, na ndiyo maana inapendwa na taarifa za ofisi. Mji wenyewe umesimuliwa hivyo: Mahagi ilikodishwa. Na nani, kwa nani? Tarehe 12 Mei 1894 Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji waliwekeana mkataba uliompa Leopold ukanda wa upana wa kilomita 25, kutoka mgawanyo wa maji ya Nile na Kongo hadi ufuko wa Ziwa Albert, bandari ya Mahagi ikiwemo. Waalur walioishi hapo hawakuwa kiima cha sentensi hiyo wala hawakuwemo kwenye "na" yake. Anayekulia mahali palipokodishwa anajua tangu utotoni jinsi -wa inavyoweza kumficha mtu. Kwa hiyo siku mama atakaposema tulisukumwa na nani, kwa cheo, kwa sare, kwa sura, ataongeza neno dogo kuliko yote katika simulizi, na pengine gumu kuliko yote. Si lazima aliseme. Lakini ajue nafasi yake ipo.

Kuna tiba nyingine iliyopita karibu na hapa, na umbo lake linastahili kusomwa japo si saikoanalisia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani, Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, waliijaribu Uganda kwa wakimbizi wa Sudan katika kambi ya Imvepi, matokeo yakachapishwa 2004, kisha Nakivale kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, matokeo 2008. Huko Nakivale washauri walikuwa wakimbizi wenyewe, waliofunzwa kwa kazi hiyo. Mgonjwa hutandaziwa kamba sakafuni. Kamba ni maisha yake. Anaweka ua penye jema, jiwe penye baya, na anachagua mwenyewe jiwe kubwa au dogo. Mwisho wa kamba huachwa umekunjwa, kwa siku zisizofika bado. Kisha husimulia kuanzia kuzaliwa, polepole kila penye jiwe, msikilizaji akiandika. Kikao kinachofuata anasomewa, anasahihisha, na mwishoni anakabidhiwa maisha yake yakiwa yameandikwa.

Kinachonivutia hapo ni njeo. Kumbukumbu ya kitisho haina -li-. Mtu husimulia "tulikuwa tunakula," mara anasema "wanakuja, wanavunja mlango," na macho yake yameshaondoka chumbani. Lile -na- limemrudisha. Kazi ya msikilizaji ni kuukubali huo wakati uliopo, aulizie harufu, rangi, mapigo ya moyo, kisha amshike mkono wa njeo na kumvusha: walikuja, walivunja, ilikuwa usiku, ulikuwa na miaka tisa. Kamba inasema kitu hicho hicho bila sarufi. Jiwe liko pale, wewe umesimama hapa. Mtu anaweza kulizunguka.

Udhaifu wa kamba ni unyoofu wake. Inamtaka kila mtu aanze mwanzo. Saikoanalisia humruhusu kuanza na ndoto ya jana, na bei ya samaki, na hasira kwa msikilizaji aliyechelewa dakika tano, na mara nyingi hapo ndipo mtu hugundua kwamba anaweza kumtendea mtu mwingine jambo, kumkasirikia uso kwa uso, na dunia isianguke. Kamba haina mahali pa kuweka ugomvi kati ya hao wawili.

Hatari ya kumwekea mtu maneno kinywani ipo katika maumbo yote mawili, na Ituri imeiona mahali pengine. Thomas Lubanga ndiye mtu wa kwanza kutiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, tarehe 14 Machi 2012, kwa kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia katika vita vya Ituri. Shahidi wa kwanza wa kesi hiyo, kijana, alitoa maelezo mjini The Hague mwezi Januari 2009, na siku hiyo hiyo akayakana, akisema alifundishwa la kusema. Katika hukumu, majaji waliukosoa upande wa mashtaka kwa kuwaachia watu wa kati kazi ya kuwatafuta mashahidi, na hawakuegemea maelezo ya kadhaa waliosema walikuwa watoto wa jeshi. Sihukumu mtoto yeyote katika hilo. Nasoma umbo tu. Mtu anaweza kusimama mahali pa heshima kuu, akasema nilifanya, niliona, nilibeba, kila kitenzi kina ni- yake, na bado hakuna hata kimoja kilicho chake. Nafsi ya kwanza inaweza kuazimwa. Tabibu anayejua mapema sentensi ambayo mgonjwa anapaswa kuifikia ni mtu wa kati, hata akiwa na cheti ukutani.

Ndiyo maana naipima tiba kwa vitenzi vidogo visivyotarajiwa kuliko kwa matamko. Mama yetu, baada ya kila moja ya simulizi zile tatu, aliongeza neno ambalo sikulinukuu hapo juu: "Mimi nilipona." Alilisema akiwa ameinamisha kichwa. Kiswahili kimeweka mambo mawili katika kitenzi hicho, kusalimika na kurudi katika afya, na aliyesalimika peke yake hulisikia la kwanza kama shtaka. Sikio langu husikia pia ukaribu wa pona na ponyoka, yeye aliyepona na mkono ulioponyoka, na sidhani yeye aliukosa. Nilipona imefungwa na -li-, siku ile, kwenye maji yale. Nimepona ingekuwa na -me-, hali iliyoanza huko na ambayo iko hapa sasa. Hakuna anayeweza kumwambia abadili kiambishi hicho. Na angalia kwamba tangu mwanzo hasemi niliponywa. Watu wa kanisa husema hivyo, na wana sababu zao, lakini katika Kiswahili cha kila siku anayepona ndiye kiima, daktari awepo asiwepo.

Kikao cha mwisho nilichomtungia ni kifupi.

– Umelalaje, mama?

– Nililala kidogo.

– Umeamshwa na nini?

– Nimeamka mwenyewe. Mitumbwi ilikuwa inarudi.